Canon ya ukumbini na Fujifilm ya begani: miaka 16 imebadili nini?

Januari 2009, siku chache kabla ya Barack Obama kuapishwa, mpiga picha Pete Souza alimsimamisha mbele ya kamera akampiga picha rasmi ya urais. Ilikuwa mara ya kwanza kwa picha rasmi ya rais wa Marekani kupigwa kwa kamera ya kidijitali. Kamera yenyewe ilikuwa Canon EOS 5D Mark II, iliyotangazwa Septemba 2008 kwa dola 2,699 bila lenzi. Hakukuwa na mtambo wa siri. Mpiga picha yeyote mwenye fedha angeweza kuingia dukani akatoka nayo.

Kamera hiyo haijafa. Huku kwetu imeshuka kutoka studio kubwa hadi kwa vijana wanaoanza kazi, imepita mikono mitatu minne, mpira wa mshikio umelegea na maandishi ya vitufe yamefutika, lakini Jumamosi ikifika inaingia ukumbini kupiga send-off, ndoa na ubarikio. Wakati huohuo kuna vijana wanaoulizia kitu tofauti kabisa: kamera ndogo ya kuning'iniza begani, yenye sensa kubwa na lenzi moja isiyobanduka. Inayotajwa zaidi ni Fujifilm X100VI, iliyotangazwa Februari 20, 2024 kwa dola 1,599. Kwa viwango vya wakati ule hizo ni zaidi ya shilingi milioni 4 za Tanzania, au zaidi ya laki mbili za Kenya, kabla hujagusa ushuru na usafiri.

Swali ninaloulizwa ni moja: nina fedha za kamera moja, nimchukue mzee wa kazi au huyu mdogo wa kisasa? Majibu mengi yanayotolewa vijiweni huanzia kwenye megapikseli na kuishia hapohapo. Kwa maoni yangu ubora wa picha ndiyo sehemu nyepesi ya ubishi huu, na mshindi wake karibu anajulikana. Kinachoamua ni kingine: kamera za kitaalamu hazikuwahi kuuzwa kwa sababu ya picha nzuri peke yake. Ziliuzwa ili zisimwangushe mtu siku ya kazi. Picha nzuri imeshahamia kwenye kamera ndogo. Hilo la pili halijahama lote.

Tuanze na sensa

Sensa ya 5D Mark II ina ukubwa wa milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya filamu ya zamani ya milimita 35, na ina megapikseli 21.1. Sensa ya X100VI ina takriban milimita 23.5 kwa 15.7, na megapikseli 40.2. Ukipiga hesabu ya eneo, ya Canon ina milimita mraba 864 na ya Fujifilm karibu 370. Mzee ana uwanja zaidi ya mara mbili wa kupokea mwanga.

Kanuni ya kwamba eneo kubwa hukusanya mwanga mwingi haijafutwa na mtu. Kilichobadilika ni kinachotokea baada ya mwanga kupokelewa. Katika sensa za Canon za miaka ile, ishara ya umeme ilitolewa nje ya sensa kwanza, ikasafiri hadi kwenye chipu nyingine, ndipo ikageuzwa kuwa namba. Njiani iliokota uchafu. Sensa za kisasa kama ya X100VI hugeuza ishara hiyo kuwa namba palepale ilipozaliwa, kwa hiyo sehemu za giza za picha hubaki safi zaidi.

Kwa msomaji asiyejali umeme, maana yake ni hii. Saa saba mchana, nje ya kanisa, bibi harusi ana gauni jeupe linalong'aa na bwana harusi mwenye ngozi nyeusi amevaa suti nyeusi. Ukipima mwanga ili gauni lisiungue, uso wa bwana harusi unazama gizani. Ukirudi ofisini unauinua kwenye kompyuta. Kwenye faili la 5D Mark II, ukiinua sana, suti inaanza kuonyesha vipele vya rangi na michirizi iliyopangana, kasoro ambayo watumiaji wa kamera hiyo duniani kote wanaijua. Kwenye faili la X100VI unainua stopu tatu, yaani mwanga mara nane, na uso unatoka na rangi yake. Kwa sisi tunaopiga ngozi nyeusi na gauni jeupe chini ya jua la mchana wiki baada ya wiki, hili lina uzito kuliko megapikseli zote.

Maabara ya DxOMark, inayopima sensa kwa namba, ilitoa matokeo yanayostahili kutazamwa taratibu. Katika kipimo cha umbali kati ya giza na mwanga ambao sensa inaweza kushika kwa pamoja, 5D Mark II ilipata stopu 11.9. Miaka minne baadaye, mwaka 2012, Sony ilitoa RX100, kamera ya gramu 240 yenye sensa ya milimita 13.2 kwa 8.8, na hiyo ikapata 12.4. Kamera ya mfuko wa shati ilikuwa imeshamzidi mzee mchana kweupe. Lakini geuza ukurasa uone kipimo cha usiku, yaani ISO ya juu inayotoa picha ya kuridhisha: mzee 1815, RX100 390. Jua likizama, eneo la sensa lilirudi kudai haki yake.

X100VI imesimama katikati, na ndiyo maana inavutia. Sensa yake ni zaidi ya mara tatu ya ile ya RX100, na teknolojia yake ni mpya. Ukizichapisha picha zake na za 5D Mark II kwa ukubwa uleule, hadi ISO 6400 utatafuta tofauti ya chembechembe kwa kukaza macho. Mchana Fujifilm inashinda wazi. Usiku wanakaribiana. Kwa ubora wa faili peke yake mimi ningemaliza hapo na kumpa mdogo ushindi.

Megapikseli 40 za nini?

Picha ya 5D Mark II ina pikseli 5,616 kwa 3,744. Ichapishe kwa nukta 300 kwa inchi, unapata karatasi ya sentimita 47 kwa 31, kubwa kuliko A3 kwa pande zote mbili na kubwa kuliko ukurasa wowote wa albamu ya harusi niliyowahi kuiona sebuleni kwa watu. X100VI inakupa sentimita 65 kwa 43. Halafu picha zote mbili zinatumwa WhatsApp, ambako zinabanwa hadi zinafanana.

Kwa hiyo wanaonunua megapikseli ili picha iwe "kali" wanajichosha bure. Kuna mahali pamoja tu ambapo megapikseli 40 zinalipa, nako ni kwenye kukata. Lenzi ya X100VI ni ya milimita 23, na kwa sensa ile inaona upana sawa na lenzi ya milimita 35 kwenye Canon. Ni upana mzuri wa mtaani na wa sebuleni, lakini haukaribishi sura ya mtu. Fujifilm imeweka kitufe cha kukata picha ifanane na ya milimita 50 au 70. Ukikata hadi 50 unabaki na megapikseli karibu 20, takriban zilezile za 5D Mark II nzima. Ukikata hadi 70 unabaki na kama 10, bado zinatosha kurasa za gazeti.

Ila kukata si kukaribia. Unapokata hadi 50 unatupa nusu ya sensa, na pamoja nayo nusu ya mwanga ulioingia. Wala kukata hakuleti ule ukungu laini nyuma ya mtu ambao wateja wetu wanaupenda na kuulipia. Ukungu huo hutegemea zaidi upana halisi wa tundu la lenzi, ambao unaupata kwa kugawa urefu wa lenzi kwa namba ya f. Milimita 23 kwa f/2 ni tundu la milimita 11.5. Ile lenzi ya bei nafuu kuliko zote za Canon, 50mm f/1.8, ina tundu la karibu milimita 28. Lenzi ya 85mm f/1.8 ina milimita 47. Mbele ya hesabu hiyo hakuna programu ya kukata wala ujanja wa menyu. Bibi harusi aliyepigwa kwa 85mm anasimama peke yake huku mapambo ya ukumbi yakiyeyuka nyuma yake, na X100VI haiwezi kuitoa picha hiyo.

Msomaji atauliza kwa nini basi wasitengeneze kamera ndogo yenye sensa kubwa, lenzi ya kuvuta na tundu pana, tumalize maneno. Wamejaribu. Canon yenyewe mwaka 2017 ilitoa PowerShot G1 X Mark III, gramu 399, sensa ya ukubwa wa kati na lenzi ya kuvuta. Ili lenzi itoshe kwenye bodi ile, tundu lake likaanzia f/2.8 na kuishia f/5.6, finyu mno kwa ukumbi wa usiku. Sony RX1 ya 2012 iliweka sensa ya 36 kwa 24 kwenye bodi ndogo kwa lenzi moja isiyovuta, ikauzwa dola 2,799. Leica Q3 ya 2023 ilifanya hivyohivyo kwa dola 5,995, na hapo tumeshatoka kwenye mazungumzo ya watu wanaotafuta riziki. Sensa ikikua, kioo cha mbele lazima kikue. Anayetaka udogo atalipa kwa giza, au kwa kukosa kuvuta, au kwa fedha.

Kamera isiyosikika

Mahali ambapo mdogo anamwaibisha mzee ni palipo na utulivu. 5D Mark II ina kioo ndani yake kinachoruka juu kila unapobonyeza, na shata ya mapazia nyuma yake. Mlio wake unajulikana hata kwa watoto wa shule. Sasa fikiria akdi ya nikahi: sheikh anasoma khutba, bwana harusi ameshikwa mkono, wazee wamenyamaza wakisubiri aseme amekubali, na mpiga picha anapiga klaki-klaki-klaki pembeni. X100VI ina shata ya majani madogo ndani ya lenzi, na mlio wake haumfikii aliyekaa safu ya pili.

Shata hiyo ya ndani ya lenzi ina faida nyingine ambayo wauzaji hawaielezi vya kutosha. Kamera za mapazia zina kikomo cha kasi ya kutumia fleshi kwa nguvu zake zote. Kwa 5D Mark II ni sehemu ya 1/200 ya sekunde. Mchana wa ufukweni, kwa ISO 100 na kasi hiyo, jua linakulazimisha ufunge tundu hadi karibu f/11, na kila kitu nyuma ya maharusi kinaonekana, hadi ngalawa na ndoo za wavuvi. Fleshi nyingi za Canon zina namna ya kuvuka kikomo hicho, lakini zinapoteza nguvu nyingi kwa kufanya hivyo. X100VI inaweza kupiga fleshi kwa 1/1000, na ina kichujio cha giza kilichojengwa ndani kinachopunguza mwanga mara 16. Unafungua tundu saa sita mchana, fleshi inajaza kivuli cha uso, na anga inabaki bluu. Kwa wapiga picha wa pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Diani, hiki ni kifaa cha kazi kabisa, wala si mapambo.

Uzito nao usemwe bila kuzunguka. Bodi tupu ya 5D Mark II ni gramu 810. Ongeza lenzi ya 24-70mm f/2.8L ya enzi hizo, gramu 950, umefika kilo moja na robo tatu kabla ya betri na fleshi. X100VI ikiwa na betri na kadi ndani ni gramu 521. Mtu wa kilo mbili huacha kamera nyumbani siku asiyolipwa. Mtu wa nusu kilo huwa nayo akienda sokoni, akipanda daladala, akimsindikiza mama hospitali. Picha nyingi zinazobaki kwenye kumbukumbu za familia hupatikana katika siku hizo zisizolipwa.

Na kuna suala la kuonekana. Ukitembea Mji Mkongwe na kamera kubwa, vichwa vinageuka, milango inafungwa, watoto wanajipanga, na askari atakuuliza kibali kabla hujanyanyua mkono. Kamera ndogo hupita. (Kupita huko hakukuondolei adabu ya kuomba ruhusa. Mama muuza samaki ana haki ya kukataa hata kamera iwe ndogo kama kiberiti.) Mjapani Daido Moriyama alijenga jina kubwa katika picha za mitaani akitumia vikamera vidogo vya Ricoh GR, na ukoo huo upo hadi leo. Ricoh GR III ya 2019 ina gramu 257 tu, sensa ya ukubwa ule wa X100VI, megapikseli 24, na ilianza kwa dola 899. Haina tundu la kuchungulia na betri yake inakadiriwa picha 200 tu, lakini kwa anayetaka mtaa na hana milioni nne, ningemwelekeza huko kabla ya Fujifilm.

Siku ya kulipwa

Sasa tuje ukumbini, ambako hoja zote za sensa hupungua nguvu.

Siku ya harusi yetu huanzia saluni asubuhi na kuisha usiku mnene wageni wakigombea maji ya kunawa. Betri ya 5D Mark II inakadiriwa picha 850 kwa chaji moja. Ya X100VI ni 450 ukichungulia kwa kioo, na kama 310 ukitumia skrini ndogo ya ndani. Tundu la kuchungulia la mzee halitumii umeme. Unaweza kukaa nusu saa ukiwa umeliweka jichoni, ukisubiri keki ikatwe, na betri isishuke.

Fokasi ni uwanja wa kushangaza kidogo, kwa sababu hapa mzee ni dhaifu. 5D Mark II ina pointi 9 tu za fokasi, na ya kuaminika gizani ni ile ya katikati. X100VI inatambua sura na jicho, inalifuata jicho hata mtu akigeuka. Bibi harusi anayeingia polepole huku akicheza, kwenye mwanga wa kutosha, Fujifilm atamshika jicho bila mpiga picha kufikiri. Mwanga ukizimwa na MC akiwasha taa zake za zambarau, lenzi yake huanza kusitasita mbele na nyuma. Mpiga picha aliyezoea pointi ya katikati ya Canon, na fleshi inayorusha mwanga wake mwekundu wa kusaidia fokasi, anaendelea na kazi.

Halafu kuna lenzi. Canon ilianzisha mfumo wa EF mwaka 1987, na kufikia 2014 ilikuwa imetengeneza lenzi milioni 100 za mfumo huo. Matokeo yake ni kwamba Nairobi, Kampala au Dar utapata lenzi ya EF ya kununua, kukodi au kuazima kwa jirani. Kwa mzee mmoja unapiga ukumbi mzima kwa 24mm, sura kwa 85mm, na ukipata kazi ya watalii unakodi 100-400mm ukaenda Ngorongoro. Simba aliyelala mita 80 kutoka kwenye gari, kwa X100VI, ni kinukta cha rangi ya nyasi. Hata ukikata megapikseli zote 40, atabaki kinukta. Fujifilm wanauza vioo vya kuongeza mbele ya lenzi, kimoja cha kupanua hadi 28mm na kingine cha kukaribisha hadi 50mm, na safari inaishia hapo.

Hoja ninayoiona nzito kuliko zote, na ambayo haimo kwenye jedwali la sifa za kamera yoyote, ni ya kamera ya akiba. Bodi ikizimika katikati ya viapo, hakuna kurudia. Kwa bei ya X100VI moja mpya unaweza kupata bodi mbili za 5D Mark II zilizotumika na lenzi mbili za kuanzia. Hapo ndipo mzee anapopata thamani yake halisi leo. Nitie neno la tahadhari, kwa kuwa wauzaji hawatalisema: 5D Mark II ina nafasi ya kadi moja tu, sawasawa na X100VI. Kadi ikiharibika umekwisha. Nikon D3 ya 2007 ilikuwa na nafasi mbili, na kwa mpiga harusi anayeogopa kesi na wakwe za watu, hiyo ingekuwa sababu ya kutosha kuiangalia D3, ingawa ni jiwe la zaidi ya kilo moja na lina megapikseli 12 tu.

Na wateja? Tuseme kweli. Baba wa bibi harusi aliyetoa mamilioni haoni sensa. Anaona kamera. Kijana mwenye X100VI mkononi, hata awe fundi wa kiwango gani, atadhaniwa ni mgeni mwalikwa mwenye kamera nzuri, na kamati itamwuliza mpiga picha mwenyewe atafika saa ngapi. Ni ujinga, na ni ukweli wa soko.

Video nitapita haraka. 5D Mark II ilifungua mlango: ilirekodi 1080p kwa sensa kubwa wakati kamera za video za namna hiyo zilikuwa za bei ya nyumba, na mwaka 2010 kipindi cha mwisho wa msimu cha tamthilia ya Marekani, House, kilipigwa kwayo. Lakini kila kipande kiliishia kama dakika 12. X100VI inatoa 4K kwa fremu 60. Anayetaka video leo asinunue mzee.

Matunzo na mitego

Shata ya 5D Mark II ilipimwa kiwandani kwa mibonyezo 150,000. Nyingi zilizoko sokoni kwetu zimekaribia au kuvuka hapo. Idadi hiyo haiandikwi ndani ya picha kama ilivyo kwa Nikon. Inabidi uunganishe kamera kwa waya na programu maalumu. Muuzaji akikuambia "imepiga picha chache tu" bila kukuonyesha, chukua kama salamu. Kadi zake ni CompactFlash, zile nene zenye matundu, ambazo maduka mengi hayaagizi tena. Chungulia ndani ya nafasi ya kadi kwa tochi ya simu: sindano moja ikiwa imepinda, achana nayo. Kwa betri una nafuu, kwani ukoo wa LP-E6 umeendelea hadi kwenye kamera mpya za Canon, lakini feki zimejaa.

X100VI ina mitego yake. Haizuii vumbi wala manyunyu mpaka ununue pete na kichujio cha mbele, vinavyouzwa kando. Lenzi ikipasuka au mchanga ukiingia, kamera nzima inakwenda kwa fundi, na fundi wa kamera hiyo si yule wa kona ya mtaa. Faili zake ghafi ni kubwa. Laptopu iliyokuwa ikihariri picha za 5D Mark II bila shida itaanza kupumua kwa tabu, kwa hiyo ongeza gharama ya kompyuta kwenye hesabu yako. Na upatikanaji umekuwa tabu tangu enzi za mtangulizi wake, X100V, aliyepata umaarufu TikTok hadi akaadimika. Toleo maalumu la X100VI lilitengenezwa kwa idadi ya 1,934 tu, kukumbuka mwaka kampuni ilipoanzishwa. Ukisikia bei ya kuruka, ujue unalipia uhaba.

Kwa upande wa pili, rangi zake zinapunguza kazi. Fujifilm imeweka ndani ya kamera mitindo 20 ya rangi, mingi ikifuata filamu zake za zamani, na picha inayotoka moja kwa moja mara nyingi haihitaji kuhaririwa. Anayepiga familia yake, safari au kazi za mitandao ya biashara ndogo anaweza kutuma picha kwenye simu na kumaliza kazi akiwa bado kwenye bodaboda. Mzee anakutaka ukae mezani.

Hukumu yangu basi ni hii. Kama kipato chako kinatoka kwenye matukio, au unataka kitoke huko, chukua 5D Mark II mbili zilizokaguliwa, lenzi ya 50mm f/1.8, na 85mm f/1.8 fedha ikiruhusu, na fleshi mbili. Hutapata mahali pengine uwezo huo wa kufanya kazi kwa fedha hizo, na lenzi zako zitakufuata siku utakapohamia kamera mpya za Canon kwa kutumia adapta. Kama unapiga mtaa, safari, watoto wako, au unaandika na kupiga mwenyewe, mzee atakaa kabatini; nunua X100VI, au GR III iliyotumika. Mwenye studio iliyokwisha kusimama ndiye pekee ningemshauri awe na zote mbili, ndogo kwa nikahi na ufukweni, kubwa kwa ukumbi.

Ukienda kununua iliyotumika, beba kadi yako, betri iliyojaa na laptopu. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya vumbi, piga picha ishirini mfululizo usikilize shata, jaribu pointi ya katikati kwenye kona yenye giza ya duka. Lipa baada ya hapo, na upewe risiti yenye namba ya bodi. Na wewe unayetaka kuuza Canon ili ununue Fujifilm, subiri harusi za Desemba ziishe kwanza.